Alama Mbili Nilizozifuta Kwenye Gitaa la Bwana Khatib

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika mlangoni mwa karakana ya serikali kabla mlinzi hajafungua kufuli. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimetoka Mkokotoni na shati moja la kazi nililolipiga pasi mara tatu. Msimamizi wa karakana, mtu mfupi ambaye mkono mmoja wa miwani yake ulikuwa wa waya, alinitazama toka kichwani hadi miguuni akaniuliza kama nimekuja kuposa. Kisha akanipeleka kwenye pipa la parafujo na nati zilizokwishatumika. Akaniambia nizichambue kwa hesi zao, yaani ile mikato inayozunguka mwili wa parafujo, kila hesi na kopo lake.

Hakuniambia nimalize siku ile ile. Nilijiambia mwenyewe. Wenzangu walipokosha mikono na kuondoka nilikuwa bado nimeinama, na kila kopo nililolimaliza nililimwaga nikalikagua upya, kwa hofu kwamba parafujo moja imeingia pasipo pake. Msimamizi alirudi kuchukua kofia aliyoisahau, akanikuta na makopo kumi na moja yamenizunguka.

"Vuai," akasema, "nenda kwenu. Pipa hili lilikuwapo kabla yako na litakuwapo kesho."

Nilikwenda, lakini sikulala vizuri. Vijana mnaonisoma huenda mkadhani najisifu bidii. Sijisifu. Nilikuwa mtu wa wasiwasi, na wasiwasi wangu ulivaa nguo za bidii, kwa hiyo wakubwa wakanipenda. Nilikuwa nikifunga mlango wa chumba changu, nikifika kona narudi kuusukuma tena. Kazini, kitu kikipita kipimo kwa upana wa unywele, nilikitupa nikaanza kingine.

Karakana ile ilinifundisha kushika tupa na kuifuata kwa mwili mzima badala ya mkono peke yake, kufunga kitu kwenye meno ya jiliwa bila kukiumiza, na kukereza shaba kwenye mashine hadi ing'ae. Mwaka wa tatu nikahamishiwa Kizimbani, kwenye shamba la serikali la karafuu, kutunza pampu za maji. Mkubwa wangu huko alikuwa Bwana Shamba, aliyezungumza na miche yake zaidi kuliko na watu, na chini yake alikuwapo karani mmoja mpole aliyekuwa na fidla. Siku moja daraja la fidla ile likavunjika. Daraja ni kile kipande kinachosimama juu ya kifua cha ala na kubeba nyuzi. Karani alinionyesha vipande viwili mkononi kama mtu anayeonyesha ndege aliyekufa.

Hakuna aliyenifundisha kutengeneza ala. Nilivigundisha vile vipande, nikavipima kila upande, nikachonga kingine mfano wake kwa mti wa mfenesi. Nilichonga vitano, nikampa cha tano. Karani akapiga, akasema fidla imepata ujana. Sikujua kama alisema kweli au alinihurumia, kwa sababu mimi sauti nilizisikia kama kila mtu anavyozisikia, nzuri au mbaya, basi. Kazi niliyoweza ilikuwa ya macho na vidole.

Niliporudishwa mjini habari ilikuwa imenitangulia. Mjomba wangu alinipa chumba cha chini ya ngazi, nyumbani kwake Mkunazini, nikaweka jiliwa dogo na meza. Asubuhi nilikuwa mtu wa karakana, na baada ya alasiri nilikuwa fundi wa ala. Waliniletea udi uliopasuka tumbo, kodiani yenye kibonyezo kilichozama, na siku moja, mwishoni mwa mwezi wa Shaaban, akaniletea gitaa lake Bwana Khatib.

Alikuwa karani wa bandarini, mtu wa makamo anayekaa Mchangani, mrefu, mwenye kanzu safi na aibu nyingi. Gitaa alilinunua kwa mpigaji muziki wa meli moja iliyopita, na lilikuwa kuukuu tangu siku hiyo. Lilikuwa gitaa la umeme. Chini ya nyuzi lilikuwa na sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba, na sumaku ile iliufikisha mtikisiko wa nyuzi kwenye spika yenye ukubwa wa kasha la nguo. Klabu yao ya taarab ndiyo peke yake mtaani iliyokuwa na kitu hicho, na watu walikuja kukitazama kabla ya kukisikiliza.

Alinisimulia kilichomleta. Usiku wa kuvunja jungu, klabu ilipopiga mara ya mwisho kabla ya Ramadhani, uzi wake ulikatika katikati ya wimbo. Akafunga mwingine, nao ukakatika. Juu ya hayo gitaa lilikuwa likivuma kama nyigu aliyefungiwa kwenye chupa. Katibu wa klabu alimngoja hadi watu watoke, akamwambia kwa adabu zote kwamba Idd Mosi gitaa likitoka tena nje ya sauti, kiti chake atakikalia kijana wa kodiani, na yeye Bwana Khatib watamtafutia kazi nyingine, labda ya kupokea wageni mlangoni.

"Miaka kumi na sita nimekaa kiti kile," alinambia. Hakulalamika. Alilisema kama mtu anayetaja anwani yake.

Nikafungua mkoba. Daraja la gitaa lile lilikuwa na sehemu tatu. Chini palikuwa na kigogo cha mpingo kilichosimama juu ya kifua cha gitaa. Kutoka kwenye kigogo zilipanda parafujo mbili, kila moja na kigurudumu chake chenye hesi ndani. Juu ya vigurudumu viwili kililala kipande cha shaba chenye mifereji sita, kila uzi na mfereji wake. Ukizungusha vigurudumu, shaba hupanda au hushuka, na nyuzi nazo pamoja nayo. Jasho la mkono na hewa ya chumvi vilikuwa vimekula hesi zote, vigurudumu vikiteleza na upande mmoja umelala. Mifereji ilikuwa imechimbika hadi kingo zake zikawa wembe. Hiyo ndiyo iliyokuwa ikikata nyuzi.

Nikamwambia nitabadilisha vyote, shaba, parafujo na vigurudumu, nibakishe mpingo tu. Akauliza kama nitaweza kabla ya Idd. Nikasema nina mwezi mzima. Akashika mwimo wa mlango, akasita kama mwenye neno jingine, halafu akaaga.

Ninavyokumbuka mwezi ule, nakumbuka njaa na shaba. Hesi ya gitaa lile haikufanana na yoyote katika makopo yangu, nami niliyajua makopo yote ya karakana kama mtu anavyojua ndugu zake. Nilichukua parafujo mbili za taa ya baiskeli, nikazikata, nikakereza vigurudumu vipya vya kuzifuata. Kipande cha juu nilikitoa kwenye bawaba kuukuu ya kabati, shaba iliyotulia, isiyo na mapovu ndani. Nikagawa nafasi za mifereji sita kwa bikari, nikaikata kwa tupa nyembamba kama jani la ukindu, nikaisugua kwa msasa, kisha kwa unga wa mkaa. Kujua kama kingo zimelainika nilipitisha uzi wa cherehani kwenye kila mfereji mara mia, nikihesabu, na uzi ukitoa hata nyuzinyuzi moja nilianza tena. Kipande cha kwanza nilikitupa kwa sababu mfereji wa nne ulisogea unywele. Cha pili nilikitupa kwa sababu nilikishuku tu.

Jambo moja sikulifanya, wala asingelifanya fundi yeyote wa mji ule. Sikupiga gitaa. Mwezi wa Ramadhani klabu zote zilifunga ala zao mashubakani, na kama mtu angesikia gitaa likilia chini ya ngazi ya mjomba wangu, asingengoja jua lichwe kuja kuniuliza dini yangu. Ningeweza kukaza nyuzi na kuzigusa kwa ncha ya kidole, polepole, na wala nisingekuwa nimemkosea mtu. Lakini hata hilo nililiogopa. Nikajiambia vipimo vinatosha. Nasema kweli, nilifurahi kwamba vipimo vilinitosha, kwa sababu sauti ndiyo iliyokuwa sehemu ya kazi nisiyoiweza.

Sasa nifike kwenye kosa.

Daraja la gitaa la aina ile halikugundishwa wala kupigiliwa. Limeshikwa na mkazo wa nyuzi peke yake, ukizilegeza zote linatoka mkononi mwako. Mahali lilipokaa miaka yote pale kifuani pa gitaa palikuwa na alama mbili hafifu, mfano wa nyayo za paka, ambapo miguu ya kigogo ilibonyea katika vanishi. Alama zile hazikuwa sawa. Moja ilikuwa mbele, ya pili nyuma kidogo, daraja limesimama upande.

Nilizitazama nikaona aibu kwa niaba ya gitaa. Niliona uzembe, niliona daraja lililosukumwa na mkono wa kanzu miaka kumi na sita bila mtu kulirudisha. Nikachukua kitambaa na dawa ya kung'arishia makabati, nikasugua. Nilisugua jioni saba. Alama zikaondoka kabisa, na kifua chote cha gitaa kikang'aa hata nikaiona taa ya kandili ndani yake. Kisha nikapima. Uzi ukigawika nusu hutoa sauti ile ile ya uzi mzima, ila ya juu zaidi, hilo nilikuwa nimelisoma mahali, na mstari wa chuma wa kati shingoni ndio nusu. Nikapima toka mwanzo wa shingo hadi mstari ule, nikazidisha mara mbili, nikaweka daraja hapo, limenyooka kabisa, nikafunga nyuzi kiasi cha kulishika tu. Nilifunga gitaa kwenye mkoba wake siku mbili kabla ya Idd, na usiku huo nililala kama mtoto.

Mwezi ukaandama. Asubuhi tukasali, tukatembeleana, na baada ya sala ya alasiri nikalichukua gitaa hadi Mchangani. Bwana Khatib alinipokea kwa mikono miwili. Mkewe, Bi Zuhura, nilimwamkia akiwa jikoni uani, akaitikia marahaba bila kuacha kukuna nazi. Mlio wa mbuzi yake ya kukunia ulikuwa wa mwendo mmoja, kama mtu anayepumua.

Tukakaa barazani kwa ndani, mlango wa uani wazi. Alipofungua mkoba alipitisha kiganja juu ya kifua cha gitaa bila kukigusa. Akasema mashallah mara mbili. Akakaza nyuzi, akaanza kupiga, taratibu, bila spika. Nilimtazama usoni. Alikuwa akitabasamu. Mwanzoni mwa shingo, karibu na kichwa cha gitaa, sauti zilikuwa njema. Alipopanda katikati nilihisi kitu kimenichoma, kama mchanga katika wali, lakini sikujua ni nini wala kama kipo. Yeye aliendelea kutabasamu.

Mlio wa mbuzi ukasimama.

Tabasamu la Bwana Khatib likaondoka mara moja, hata kabla Bi Zuhura hajasema lolote. Akaweka mkono juu ya nyuzi kuzinyamazisha.

"Hilo silo gitaa lako," Bi Zuhura alisema kutoka jikoni.

"Ndilo. Limesafishwa."

"Limesafishwa hata sauti. Uzi ule mnene ukipanda juu unapiga kelele, na mwembamba una mafua."

Bwana Khatib akaligeuza gitaa kwenye mwanga wa mlango, akainama karibu na daraja, akatafuta kwa kidole. Nami nikaelewa anatafuta nini.

"Alama ziko wapi, fundi?"

"Nimezifuta."

"Zote mbili?"

"Nilidhani ni makovu," nikasema. Nilikuwa mtu mzima wa miaka ishirini na mitano, na sauti yangu ilitoka ya mtoto.

Hakunikemea. Laiti angenikemea. Alikaa na gitaa mapajani akitazama sakafu, na Bi Zuhura akatoka jikoni, mikono myeupe ya nazi, akasimama mlangoni. Wakatazamana. Mume akatikisa kichwa kidogo, kumzuia. Mke akasema, "Si yeye aliyezifuta? Haki yake ajue alichofuta."

Hapo ndipo niliposikia kilichokuwa hakijasikiwa na mtu nje ya nyumba ile. Huo ulikuwa mwaka wa pili tangu masikio ya Bwana Khatib yaanze kumwacha. Nyuzi nene alizisikia. Nyembamba, alisema, alizisikia kama mtu anayenong'ona nyuma ya mlango, anajua kuna maneno lakini si yepi. Klabuni aliongozwa na vidole na mazoea. Nyumbani alikaza nyuzi huku mkewe akikuna nazi. Alipopata sawa, nazi iliendelea kukunwa. Alipokosea, ilisimama. Na kila alipobadilisha nyuzi, daraja alilirudisha juu ya zile alama mbili, kwa sababu aliziweka mwenyewe zamani, kwa sikio lake zima, mchana mmoja wa kusogeza na kusikiliza. Lile daraja lilikaa upande kwa makusudi. Uzi ukibonyezwa hukazika kidogo na sauti yake hupanda, na ulio mnene hupanda zaidi, kwa hiyo lazima upewe urefu zaidi wa kwenda. Rula yangu haikujua hilo. Sikio lake ndilo lililokuwa likijua, na lilipokuwa likiondoka lilikuwa limeacha alama mbili kifuani pa gitaa ili zimkumbushe. Mimi nilizipaka dawa ya makabati.

Nikamwambia nitakwenda kwa Katibu nikiri kosa ni langu, aahirishe. Bwana Khatib akacheka kwa upole. Nikienda, Katibu atakuja. Akija, atasema basi tuliweke daraja sote pamoja, Khatib sikiliza, hapo au hapa? Naye atajibu nini?

"Sasa mnangoja nini?" Bi Zuhura akauliza. "Magharibi haiko mbali. Weye kijana sogeza, huyu apige, mie nsikilize."

"Wewe hujawahi kushika ala," mumewe akamwambia.

"Nshawahi kukusikiliza weye miaka ishirini na miwili. Nani mwingine mwenye kazi hiyo?"

Akavuta kibao cha mbuzi akakalia, akafumba macho. Nikalegeza nyuzi kiasi cha daraja kukubali kusukumwa. Nililisukuma upande wa uzi mnene kwa dole gumba, Bwana Khatib akakaza, akapiga uzi mtupu, kisha akaubonyeza kwenye mstari wa kati akapiga tena. Bi Zuhura akatikisa kichwa. Nikasukuma tena. Akasema nimepita. Nikarudisha. Akasema nimerudi mno, nataka kulipeleka hadi Kizimbani nini? Mara nyingine akasema nisogeze nusu ya punje ya mchele, na niliposogeza akasema mchele gani huo, nilichosogeza ni muhogo.

Ilituchukua muda mrefu. Tulipomaliza upande mnene, upande mwembamba ukaharibika, tukaurudia. Jasho lilinitiririka hadi nikahofia litaanguka juu ya kifua kile nilichokisugua. Katikati ya kazi Bwana Khatib alimwambia mkewe kwamba miaka yote hiyo hajapata kumsifu hata mara moja.

"Nlikuwa nnaendelea kukuna," akamjibu, macho yamefumba. "Ulitaka sifa gani nyingine?"

Bwana Khatib aliinamisha kichwa juu ya gitaa. Alipoinua mkono kupiga, nilijifanya ninatafuta bisibisi yangu sakafuni.

Mwisho Bi Zuhura alipumua, akafumbua macho, akaondoka kurudi jikoni bila neno. Tulingoja. Mlio wa nazi ukaanza, mwendo mmoja, na Bwana Khatib akapiga wimbo mzima kutoka mwanzo hadi mwisho, na nazi haikusimama.

Nikalitazama daraja. Lilikuwa upande, zaidi hata ya lilivyokuwa zamani. Vidole vyangu viliwasha kulinyoosha.

Usiku ule, baada ya sala ya isha, nilikwenda klabuni. Watu wa Idd walikuwa wamejaa hadi ngazini, wanawake upande wao, wanaume upande wao. Kabla ya kuanza, Katibu, mtu mwenye tarbushi na macho ya kukagua, akaja hadi kwenye kiti cha Bwana Khatib, akainama juu ya gitaa. Aliisifu shaba. Aliusifu mng'aro. Kisha akakunja uso.

"Fundi, mbona umeliweka upande?"

"Ndipo sauti ilipo, Bwana Katibu."

"Umejuaje?"

Bwana Khatib alikuwa akitazama ncha za viatu vyake. Upande wa wanawake, safu ya tatu, nilimwona Bi Zuhura amekaa na buibui lake jipya, ananitazama moja kwa moja.

"Nimesikia," nikasema.

Hilo ndilo neno. Katibu alinitazama kwa heshima ambayo hakupata kunipa kabla, akarudi mahali pake. Wakapiga hadi watu wakasimama kuwatunza pesa. Hakuna uzi uliokatika. Yule kijana wa kodiani akapewa kiti chake mwenyewe upande wa pili, na kiti cha Bwana Khatib hakikutajwa tena.

Lakini neno langu halikubaki klabuni. Baada ya juma moja Mkunazini ilijaa habari kwamba Vuai ana sikio, kwamba aliweka daraja la gitaa upande kwa kulisikia tu wakati mafundi wengine wangelinyoosha. Akaja mtu na kanuni, ala yenye nyuzi sabini na zaidi, akaniomba nisikilize moja inayomsumbua. Nilimwambia aiache. Alipoondoka nilifunga mlango, nikaketi mbele ya kanuni ile, halafu nikaifunga kwenye shuka nikaipeleka Mchangani.

Bi Zuhura alicheka hadi akakaa chini. Kisha akanifundisha. Hakuwa na majina ya sauti, alikuwa na mafua, na mchanga, na mlango uliofungwa vibaya, na mtu anayetembea na kiatu kimoja. Nilikwenda kila Jumamosi. Mwaka wa kwanza sikusikia kitu, nilikisia na yeye alinisahihisha. Mwaka wa pili nilianza kusikia mchanga. Bwana Khatib alibaki kitini klabuni miaka mitano mingine, na kila alipobadilisha nyuzi tulikaa watatu pale barazani. Mwaka wa mwisho, aliyesogeza na aliyesikiliza nilikuwa mimi, na Bi Zuhura alikuwa akiniacha nimalize ndipo aanze kukuna. Bwana Khatib aliacha muziki kwa hiari yake, siku aliyoitaka mwenyewe, na klabu ikamfanyia dua na chakula.

Nilistaafu karakana nikiwa Msimamizi, kwenye meza ile ile ya mkubwa wangu wa kwanza. Ala nimezitengeneza hadi mikono ilipokataa. Vijana wa sasa wananionyesha kidude kinachowaka taa ya kijani sauti ikipatana. Sikidharau, kingeniokoa mengi. Ila mimi mtu akiniletea ala, kabla sijaigusa humwuliza kwanza nani huisikiliza nyumbani kwake, na alama yoyote nikiikuta juu yake, hata iwe mbaya vipi, naiacha hadi mwenyewe anieleze.

Kuhusu ile sifa, niliibeba miaka yote nikiona haya. Kuna wakati, Bwana Khatib akiwa bado hai lakini haondoki tena nyumbani, nilimwendea Bi Zuhura nikamwomba ruhusa nimtaje. Nilimwambia siwezi kuendelea kuitwa fundi mwenye sikio wakati sikio lilikuwa lake. Alikuwa akimlisha mumewe uji, kijiko kwa kijiko, na hakugeuka.

"Ukinitaja mie," akasema, "watauliza yeye alikuwa wapi. Ngoja twende sote wawili."

Bwana Khatib alitangulia, Bi Zuhura akamfuata baada ya miaka mingi. Nimemzika mwezi uliopita. Nimengoja kama alivyoniambia.